Naomba ushauri: bundi wamezalia ghalani, mama mkwe anataka wachomwe

Hamjambo ndugu zangu. Nimeolewa Ahero, karibu na Kisumu. Bundi wawili wamezalia kwenye dari ya ghala letu la mpunga, wale wenye uso mweupe umbo la moyo. Hawalii "huu huu", wanakoroma na kupiga ukelele unaokatika kama nguo inayochanwa. Nilipanda ngazi nikaona makinda matatu, manyoya kama pamba, na chini yao mifupa ya panya imejaa.

Mama mkwe hataki kusikia. Kwa Wajaluo, tula, yaani bundi, akilia juu ya boma ni msiba unakuja. Na kwa bahati mbaya mjomba wa mume wangu amelazwa wiki ya pili sasa, figo zinamsumbua. Juzi nilimkuta mama na mkaa wa moto kwenye karai, anataka kuwafukiza. Nilimsihi asubiri, akaniambia, "Mwanangu, wewe hujazika watu niliozika mimi." Nilinyamaza. Alizika watoto wawili, na mara zote anasema bundi alitangulia.

Simdharau hata kidogo. Lakini mwaka jana panya walitutobolea magunia manne, mwaka huu sijaona hata moja lililotobolewa. Makinda yakibakia mwezi mmoja hivi yataruka.

Nimwambie nini mama bila kumvunjia heshima? Na mjomba akifariki kabla hawajaruka, nitasimamaje mbele ya ukoo? Aliyepitia haya tafadhali anisaidie, mkaa bado uko jikoni.