Mrejesho: safari ya Bolivia

Wapendwa, niliwauliza kama ni sawa kutua moja kwa moja El Alto, uwanja wa ndege wa La Paz ulio zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Mlinishauri tuanzie chini ili mwili uzoee hewa nyembamba ya juu, na nawashukuru sana. Tulitua Santa Cruz, mita kama 400 tu, tukapanda hadi Sucre, mita 2,800 hivi, ndipo La Paz. Hata hivyo usiku wa kwanza La Paz kichwa kiligonga kweli, na ngazi chache tu zilimwacha mume wangu akihema, mkono ukutani. Chai ya majani ya koka ilitusaidia. Ila msirudi nayo, nchi nyingi ni marufuku. Uyuni, kwenye uwanda mkubwa wa chumvi, nendeni na koti zito: mchana jua linachoma juu ya chumvi, usiku baridi inapenya mifupani. Na kwa mnaotoka Kenya kama sisi, msisahau cheti cha homa ya manjano.