Nampeleka mdogo wangu wa Tanga Ocean City, Maryland: nizingatie nini baharini?

MamaWawili: Habari zenu wapendwa. Niko Baltimore, wiki ijayo tunateremka Ocean City siku mbili: mimi, wanangu wa miaka 9 na 15, na mdogo wangu wa kiume aliyefika juzi kutoka Tanga. Huyu anajisifu kakulia baharini, hataki kuambiwa. Mimi naogelea kama nanga. Mkubwa naye kashaona pikipiki za majini kwenye simu, hanipi usingizi. Mliofika kule, nipeni muongozo. Papa wapo?

Mzee wa Ngalawa: Dada, papa waache, shida yako ni huyo mdogo wako. Nami ni wa Tanga. Kwetu wimbi hukatwa na miamba huko nje, likifika pwani limeshachoka. Ocean City hakuna mwamba, mchanga mtupu, wimbi linakuja zima zima na kuvunjikia pale pale ukingoni. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama maji ya magoti nimeipa bahari mgongo, napiga soga. Lilinizoa likanipigiza kichwa mchangani. Shingo iliniuma wiki mbili, na hapo nilibahatika, maana wapo wanaovunjika shingo kwenye maji mafupi kama hayo. Asiipe bahari mgongo, na asijitose kichwa mbele.

Binti Mrima: Naongezea: mkondo unaotoka ufukweni kwenda nje. Utaona mawimbi yanavunjika kulia na kushoto, katikati pametulia, maji yamechafuka mchanga. Wageni huchagua kuogea hapo hapo, eti pametulia! Ukikuchukua usishindane nao kurudi moja kwa moja, utachoka, na kuchoka ndiko kunakozamisha. Haukuvuti chini, unakupeleka nje tu. Elea, punga mkono, ogelea sambamba na ufukwe mpaka uuache, ndipo urudi.

Kaeni mbele ya kiti cha mwokoaji. Msimu wa kiangazi wanakuwepo saa 4 asubuhi hadi saa 11 na nusu jioni. Wakishuka, nanyi tokeni majini.

MamaWawili: Yarabi. Na huyu wa miaka 9 nimvalishe boya la kupuliza?

Binti Mrima: Hapana! Upepo ukivuma kutoka bara, boya linaondoka naye. Mnunulie jaketi la kuokolea linalomtosha, na bado usimwache avuke umbali wa kumshika mkono.

Nahodha Mstaafu: Pikipiki nendeni upande wa ghuba, nyuma ya mji, ndiko zinakokodishwa. Maji yametulia ila mafupi, mkipita kwenye fungu la mchanga mnakwama. Sheria ya Maryland, asiyefikisha miaka 16 haendeshi, kwa hiyo huyo wa 15 atapakiwa nyuma. Dereva aliyezaliwa kuanzia Julai 1972 anatakiwa awe na cheti cha usalama wa majini, ulizeni kabla hamjalipa. Jaketi kila mtu, na ile kamba ya kuzimia injini aifunge mkononi, akianguka chombo kisimame. Halafu pigeni picha mikwaruzo yote kabla ya kuondoka. Mimi niliwahi kulipishwa mkwaruzo niliokuta, mpaka leo roho inaniuma.

Bia msibebe, ufukweni hairuhusiwi.

MamaWawili: Asanteni sana. Nimemsomea mdogo wangu yote, kanyamaza, kisha kauliza huo mwamba kwa nini hawajauweka.

Mzee wa Ngalawa: 😂😂 Mwanzishe na maji ya kifundo. Ukirudi lete mrejesho.