Krismasi tunapanda Moshi: mnyama nimwache Tanga, niende naye au nimpeleke Dar?

MchagaWaPwani | 9 Desemba, saa 2:14 usiku

Wakuu heshima kwenu. Mwaka huu familia nzima tunapanda Moshi kula Krismasi, mambo ya watu wa kwetu mnayajua. Kikwazo ni mnyama. Naona njia tatu:

1. Abaki hapa Chumbageni, kuna kijana wa kumwangalia.
2. Twende naye.
3. Nimpeleke Dar kwa mtu anayepokea wanyama kwa malipo ya kila siku.

Waliopitia hali hii wanisaidie, ipi ina nafuu? Huyo wa Dar anataka malipo ya awali wiki hii. Kejeli sitaki.

---

KibokoYaNgamiani | saa 2:20 usiku

Mnyama gani? Kama ni mbuzi, nenda naye Moshi. Hatarudi, ila atakuwa amefurahisha watu wengi.

---

BiSahare | saa 2:31 usiku

Kaka, mbwa au paka? Ana umri gani? Mna gari lenu au basi? Siku ngapi? Kachanjwa? Nyumba ina ukuta? Umetuuliza bei ya nguo bila kutuonyesha nguo.

---

NahodhaMstaafu | saa 2:38 usiku

Na huyo kijana ni nani? "Kuna kijana" nimeyasikia sana maneno hayo, na huwa hayana mwisho mzuri.

---

MchagaWaPwani | saa 3:05 usiku

Samahanini, nilikuwa na haraka. Ni wawili. Mbwa dume, miaka minne, nusu German Shepherd nusu wa kienyeji, anaitwa Chui. Na paka jike, umri siujui, alikuja mwenyewe masika akakaa. Gari ni letu, tupo watano na mizigo. Tunaondoka 22 tunarudi 3 Januari. Ukuta upo, geti lina uwazi chini. Kijana ni wa jirani, kamaliza kidato cha nne juzi.

---

KibokoYaNgamiani | saa 3:07 usiku

Watu watano, mizigo, nusu shepadi na paka. Gari gani, Fuso?

---

MchagaWaPwani | saa 3:09 usiku

Noah.

---

BwanaMifugoMuheza | saa 3:40 usiku

Kabla ya yote, kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa inasoma tarehe gani?

---

MchagaWaPwani | saa 3:52 usiku

Kadi sijaiona tangu tuhame Makorora. Nadhani alichanjwa mwaka juzi.

---

BwanaMifugoMuheza | saa 4:15 usiku

Basi swali lako la njia tatu lisubiri, kesho asubuhi nenda ofisi ya mifugo. Chanjo ile hurudiwa kila mwaka. Kama kweli alishachanjwa, hii itakuwa ya kukumbushia na mwili unaitika upesi. Kama hajawahi kabisa, kinga inachukua wiki tatu hadi nne kukaa sawa. Hesabu: leo tarehe 9, unaondoka 22. Hazitoshi. Na sikukuu ndiyo wakati nyumba zinajaa watoto wa kila ukoo, mbwa hawajui, nao wanamvuta masikio. Ikitokea kang'ata mtu (au mtoto wako kang'atwa na mbwa wa huko), kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo. Siyo pilipili, siyo mafuta ya taa.

Kwa safari ya nje ya wilaya utahitaji pia karatasi ya ofisi ya mifugo. Mtu akija kwangu kutaka kibali, kadi ndiyo naitazama kwanza.

Paka abaki. Huyo sina hata la kufikiri. Mbwa anafuata watu wake, paka anafuata nyumba. Ukimshusha Moshi usiku, mlango ukiachwa wazi kidogo tu, ndiyo mwisho wa habari yake.

---

MamaNtilieKange | 10 Desemba, saa 1:10 asubuhi

Mimi ni timu ya kwenda naye. Wangu nilimpeleka Same mara mbili, hana neno. Asubuhi ya safari sikumpa chakula, maji tu. Tukasimama Korogwe akakojoa, tukasimama Mombo watoto wakala mahindi, yeye kachimba shimo. Kuanzia Hedaru kwenda mbele jua halina adabu, mfungulieni dirisha lakini kichwa kisitoke nje. Na kamwe asiachwe ndani ya gari lililofungwa eti mnakula dakika kumi. Dakika kumi za jua la Desemba zinatosha kumuua.

---

FundiBaiskeli | saa 1:45 asubuhi

Ya Dar ifute. Tanga kwenda Dar ni kama kilomita 350 kupitia Segera na Chalinze. Umpeleke, urudi, ndiyo uanze safari ya Moshi ambayo nayo ni karibu hizohizo. Mafuta hayo unalipa mlinzi mwezi mzima na anabakiwa na ya soda.

---

BwanaMifugoMuheza | saa 2:05 asubuhi

Tena hao wanaopokea wanyama, muulize swali moja tu: wateja wake wanaleta kadi? Akikupokea bila kudai kadi, ujue na wengine kawapokea hivyohivyo. Pavo (ule ugonjwa wa mbwa wa kuhara damu) na kikohozi cha bandani vinapenda mahali kama hapo.

---

BiSahare | saa 4:30 asubuhi

Nisimulie yangu, ni ndefu, mnivumilie.

Mwaka ule mimi na mzee tulikwenda Lushoto kwa shemeji. Mbwa wetu Tomi tukamwacha na kijana. Mtoto mzuri tu, shikamoo zake hazina kasoro. Nikamwachia unga wa dona kilo kumi, dagaa kisado kizima, na elfu thelathini ya dharura. Nikamwonyesha sufuria ya Tomi, ile iliyokatika mkono. Siku ya Krismasi nikapiga simu: "Mama, Tomi anakula vizuri." Tarehe 28 nikapiga tena: "Mama, Tomi anakusalimia." Anakusalimia! Nikamwambia mzee, huyu mtoto ana utu.

Usiku wa mwaka mpya mnajua Tanga inavyokuwa. Saa sita meli bandarini zinapiga honi, watu wanagonga masufuria, vijana na baruti zao, ingawa kila mwaka polisi wanapiga marufuku fataki bila kibali na kuchoma matairi barabarani. Kijana wangu yuko ufukweni na wenzake. Tomi peke yake uani. Akaruka ukuta, na ukuta ule juu una vipande vya chupa. Asubuhi jirani akakuta damu kwenye chokaa, nyayo moja imegongwa kama muhuri.

Simu tulipigiwa tarehe 2. Siyo tarehe 1. Siku nzima mtoto wa watu alikuwa anatunga. Tulipofika, mfuko wa unga hata kamba haijafunguliwa. Tomi alikuwa analishwa mabaki ya chipsi.

Tukazunguka Sahare yote, Mikanjuni, hadi Mwambani. Aliyemwona ni muuza samaki wa baiskeli, tarehe 5: "Mama, kuna mbwa kama wako gereji moja njia ya Pongwe." Kweli. Kalala chini ya lori bovu, mguu umefungwa kitambaa cha kufutia oili. Fundi kishampa jina, Simba. Naita "Tomi!", ananitazama kama mtu anayekumbuka deni. Fundi anaita "Simba!", mkia huo. Nikalia, nikacheka, nikalipa elfu ishirini ya matunzo. Daktari wa mifugo akamshona nyuzi saba.

Kwa hiyo kaka, safari siyo shida. Shida ni ule usiku mmoja.

---

KibokoYaNgamiani | saa 4:41 asubuhi

Hii chai.

---

BiSahare | saa 4:43 asubuhi

Kunywa polepole mwanangu, ni ya moto.

---

NahodhaMstaafu | saa 5:20 asubuhi

Honi za meli ni kweli, mimi mwenyewe nimezipiga miaka mingi. Sikuwahi kufikiria mbwa. Samahani Tomi.

---

Mtaa_wa_Kumi | saa 7:02 mchana

Mpe Piriton mbili ile jioni, analala hadi mwaka mpya umezoeleka.

---

BwanaMifugoMuheza | saa 7:30 mchana

Tafadhali, dawa za binadamu tusigawiane hapa. Kipimo ni kwa uzito wake, na daktari amwone. Zipo hata za mifugo zinazolegeza mwili tu: mbwa kalala chali, wewe unadhani katulia, kumbe masikio yanasikia kila kitu na moyo unamwenda mbio. Hofu iko palepale, ila hawezi kukimbia. Na mwenye paka aandike ukutani: panadol ni sumu kwake, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Nimeletewa paka wa hivyo siku ya pili ya sikukuu, ufizi umegeuka rangi ya matope. Mwenyewe alimwonea huruma kwa sababu anachechemea.

Usiku ule mbwa aingie chumba cha ndani, pazia lishushwe, redio ipige taarabu au chochote alichozoea. Azungushwe vizuri jioni, kabla baruti hazijaanza. Kola shingoni, namba ya simu iandikwe kwa wino usiofutika. Kola tu ingempunguzia Bi Sahare siku tatu za kuzunguka.

---

MchagaWaPwani | saa 9:15 alasiri

Asanteni sana. Nimetoka ofisi ya mifugo, Chui kachanjwa, kadi mpya ninayo. Na huyo wa Dar nimemuuliza habari ya kadi, kanijibu "usijali bosi". Nimemfuta. Zimebaki mbili. Jirani yangu mwingine, mtu mzima, mstaarabu sana, ni Mwislamu, naona aibu kumwomba aangalie mbwa. Na paka nilifikiri nimfungie ndani na chakula cha siku zote, atajipimia.

---

Mwanahawa_Raskazone | saa 9:48 alasiri

Aibu ya nini? Mimi Mwislamu, na mbwa wa jirani yangu namlisha kila Krismasi huu mwaka wa sita. Ana sahani yake, haivuki mlango wa jiko langu. Akinilamba naosha mara saba, moja kwa udongo, mambo yamekwisha. Mbwa wa ulinzi hana tatizo. Yule mwanamke aliyemtekea mbwa maji kisimani kwa kiatu chake, si alisamehewa dhambi zake kwa ajili hiyo? Muombe jirani yako, anaweza kukushangaza.

Na hilo la paka usilirudie hata kwa mzaha. Hadithi tunayofundishwa tangu madrasa: mwanamke aliingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Siku kumi na mbili! Chakula cha siku ya kwanza, sisimizi watakula cha siku ya pili. Acha dirisha dogo wazi, mtu apite asubuhi na jioni amwekee kichwa cha samaki na maji safi.

---

FundiBaiskeli | saa 10:10 alasiri

Naunga mkono, ila kichwa cha samaki kiwe cha kuchemsha na miba itolewe.

---

Mwanahawa_Raskazone | saa 10:12 alasiri

Paka wa Tanga umtolee miba? Haya.

---

Mtaa_wa_Kumi | saa 11:00 jioni

Akienda Moshi apewe mbege kidogo alale. Babu yangu Kibosho alikuwa anamwekea mbwa wake mbege kwenye kifuu kila sikukuu na aliishi miaka mingi.

---

MamaNtilieKange | saa 11:06 jioni

Babu au mbwa?

---

Mtaa_wa_Kumi | saa 11:09 jioni

Wote.

---

BwanaMifugoMuheza | saa 11:40 jioni

Pombe ni sumu kwa mbwa, iwe mbege au ya chupa. Na mkifika huko chungeni vyungu zaidi ya baruti. Pilau ina vitunguu, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa na paka. Zabibu kavu zinaua figo. Keki ya chokoleti nayo ni sumu. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama miiba. Sikukuu kila mjomba anamtupia kipande chake, jioni mbwa kala sahani kumi na hakuna anayejua. Teueni mtu mmoja tu wa kumlisha.

---

MchagaWaPwani | 12 Desemba, saa 3:30 usiku

Mrejesho mfupi. Jirani kakubali paka kwa furaha, kuhusu mbwa kasema atamlisha kupitia getini ila kumwingiza ndani usiku wa mwaka mpya hawezi. Nikasema basi twende na Chui. Nimempigia mama mkwe, kasema mbwa aje lakini wao wenyewe wana wawili, na hawapendi wageni.

---

NahodhaMstaafu | saa 3:41 usiku

Hao wawili wamechanjwa?

---

MchagaWaPwani | saa 3:44 usiku

Sijauliza.

---

BiSahare | saa 3:45 usiku

Uliza.

---

KibokoYaNgamiani | saa 3:58 usiku

Bi mkubwa, mimi bado niko gereji kule Pongwe. Baada ya kumrudisha, alikuwa anaitika Tomi au Simba?

---

BiSahare | saa 4:03 usiku

Vyote viwili. Anaangalia kwanza nani kashika sufuria.