Mrejesho: Vipimo vya macho, figo na miguu kwa mwenye kisukari

Wakuu, niliuliza kama baba, mwenye kisukari aina ya 2, apimwe macho na figo ilhali halalamiki chochote. Ndiyo, apimwe. Aina ya 2 hupimwa madhara mara inapogundulika, kisha kila mwaka, maana huweza kukaa mwilini miaka kimyakimya.

Jichoni aliwekewa matone ya kutanua mboni, akaona ukungu saa kadhaa (mgonjwa asiendeshe gari!). Retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) iko salama. Nyayo ndizo zilinishtua: alifumba macho, daktari akamgusa kwa uzi wa nailoni mpaka ukapinda, na kidole gumba cha mguu wa kushoto hakikuhisi kitu. Sasa anakagua miguu kila jioni, na peku marufuku. Kwa figo, kipimo cha albumini (aina ya protini) kwenye mkojo bado tunasubiri majibu.