Folda ya Mzee imekataa kufunguka

Kikundi: UKOO WA BOMBO

Dada Bombo, 19:04
Asalaam aleikum jamaa. Fundi ameitoa ile diski ya kompyuta ya marehemu Babu, tumeiunganisha na kompyuta yangu kwa waya wa USB. Inaonekana, imepewa herufi E. Lakini folda ya "Mzee" nikiibonyeza naambiwa sina ruhusa. Nabonyeza "Continue", inafikiri kidogo, halafu inanikatalia tena.

Baba Mdogo Jinja, 19:06
Waaleikum salaam mwanangu. Makubaliano ya kiwanja yamo humo? Yale yenye muhuri wa LC1, baraza la kijiji?

Dada Bombo, 19:07
Ndiyo Baba. Aliyaskani yeye mwenyewe kabla karatasi hazijalowa. Na Jumatatu tunakaa na jirani mbele ya mwenyekiti juu ya ule mpaka.

Mdogo Kampala, 19:08
Fundi anasemaje?

Dada Bombo, 19:09
Anasema diski imekufa. Anataka aifomati kwanza, yaani aifute yote, halafu atafute mafaili kwa programu yake. Nitume pesa leo.

Kaka Arua, 19:10
Dada, TAFADHALI ASIIFOMATI. Usitume hata shilingi. Diski iliyokufa haikuonyeshi jina la folda wala haikwambii huna ruhusa. Hiyo ni nzima, inalinda tu mali ya mwenyewe.

Kaka Arua, 19:11
Inatoa sauti ya kugonga-gonga?

Dada Bombo, 19:12
Hapana, kimya.

Kaka Arua, 19:12
Alhamdulillahi. Na ulipoichomeka ilidai ufunguo wa tarakimu 48?

Dada Bombo, 19:13
Haikudai kitu.

Kaka Arua, 19:15
Basi haikufungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows la diski nzima. Ingekuwa imefungwa, bila ule ufunguo tusingefika popote. Sasa nieleze hivi. Windows haitambui watu kwa majina. Kila akaunti ina namba yake ndefu, huanza na S-1-5-21, na folda huandikwa namba za wanaoruhusiwa. Ni kama askari wa geti mwenye orodha mkononi. Namba ya Babu ilizaliwa kwenye mashine yake, kwako haijulikani. Hata ukifungua akaunti mpya ukaiita "Mzee" hapo kwako, itapewa namba nyingine, na askari atakurudisha.

Mdogo Kampala, 19:16
Lakini Dada ni msimamizi wa kompyuta yake. Mimi diski ya rafiki yangu nilibonyeza Continue tu ikafunguka.

Kaka Arua, 19:18
Kweli, mara nyingi hufunguka, kwa sababu kundi la wasimamizi huwa limo kwenye orodha, na namba ya kundi hilo ni ileile kwenye kila Windows. Nadhani Babu aliwaondoa wote akajibakiza yeye.

Baba Mdogo Jinja, 19:19
Aliwaondoa. Nakumbuka. Watoto walimfutia picha za Hija, akasema hakuna atakayegusa tena.

Dada Bombo, 19:20
Kwa hiyo tunafanyaje? Na Yaka yangu, umeme wa kulipia kabla, inakaribia kwisha, mniambie mapema.

Kaka Arua, 19:21
Tunachukua umiliki. Msimamizi wa mashine ana haki hiyo hata kama hayumo kwenye orodha. Akishakuwa mmiliki, anajiongezea ruhusa mwenyewe.

Mdogo Kampala, 19:22
Chukua diski yote, Dada, umalize mara moja. Weka "Everyone" full control, yaani kila mtu apate ruhusa zote.

Kaka Arua, 19:24
Hapana, mdogo wangu. Ndani ya E kuna Windows ya Babu, na mafaili yake yana wamiliki wake maalumu. Ukiyavuruga, siku mashine ikitengenezwa na diski ikirudi mahali pake, huenda isiwake. Na "Everyone" maana yake kila atakayetumia hiyo kompyuta anaweza kufuta. Ndicho hasa Babu alichokuwa anakizuia.

Baba Mdogo Jinja, 19:26
Ngojeni wanangu. Mzee alikuwa anaandika barua zake humo, na mambo ya dada zake. Mimi sitaki zisomwe. Makubaliano na picha, sawa. Barua ziachwe.

Kaka Arua, 19:27
Nimekusikia Baba. Inawezekana. Tutajipa ruhusa ya kuona majina ya vilivyomo tu, halafu tufungue folda tunayoihitaji.

Dada Bombo, 19:28
Baba, sitazigusa.

Kaka Arua, 19:31
Dada, kwenye Start andika cmd, lile dirisha la kuandika amri, bonyeza kulia, chagua "Run as administrator". Iwe ile ya cmd, usitumie PowerShell, dirisha jingine la amri, maana mabano yatakusumbua. Andika mstari mmoja mmoja:

takeown /f "E:\Mzee"

icacls "E:\Mzee" /grant "%username%":RX

Wa kwanza unakufanya mmiliki wa folda ya juu peke yake. Wa pili unakupa kusoma tu, na hauteremki kwenye folda za ndani.

Dada Bombo, 19:36
Imeandika SUCCESS. Nimefungua! Naona Barua, Hati, Picha, Video.

Baba Mdogo Jinja, 19:36
Allahu Akbar.

Kaka Arua, 19:38
Sasa Hati:

takeown /f "E:\Mzee\Hati" /r /d y

icacls "E:\Mzee\Hati" /grant "%username%":(OI)(CI)F /t /c

Hiyo /r na /t ndizo zinazoingia mpaka ndani. (OI)(CI) hufanya ruhusa irithiwe na mafaili na folda za ndani. Neno "grant" lenyewe linaongeza tu, halitoi jina la mtu. Ikiisha, rudia hivyohivyo kwa Picha na Video.

Dada Bombo, 19:47
📷 Haya hapa. Makubaliano, kurasa zote, muhuri unasomeka. Na saini ya baba wa huyu jirani ipo.

Baba Mdogo Jinja, 19:49
Nimeisoma. Mpaka umetajwa kwa ule mwembe na jiwe la barabarani. Mungu amrehemu Mzee, aliona mbali. Chapa nakala tatu, moja ya mwenyekiti.

Shangazi Mbale, 19:52
Nimeingia sasa hivi kutoka sokoni. Na video ya harusi yangu je?

Dada Bombo, 19:58
Ipo Shangazi. Lakini kuinakili kwenye flashi imekataa. Inasema faili ni kubwa mno, na flashi ni ya GB 32, iko tupu kabisa!

Kaka Arua, 20:00
Hilo si suala la ruhusa tena. Flashi imepangwa kwa mfumo wa FAT32, haipokei faili moja linalofika GB 4. Ifomati flashi iwe exFAT, mfumo unaopokea mafaili makubwa. LAKINI kwanza iondoe diski ya Babu kwa "Eject", uchomoe waya wake, ibaki flashi peke yake. Mtu akikosea herufi hapo, tunalia wote.

Dada Bombo, 20:01
Naichomoa sasa.

Kaka Arua, 20:03
Jambo jingine: exFAT haibebi ruhusa hizi hata kidogo. Atakayeiokota flashi ataona kila kitu. Hati usiziweke humo na video pamoja, ziwe kwenye flashi nyingine akae nayo Baba Mdogo.

Baba Mdogo Jinja, 20:04
Niletee Jumapili, nitaifungia kabatini. Na fundi mlipe kazi ya kufungua mashine, hiyo ni haki yake.

Dada Bombo, 20:15
exFAT tayari, diski nimeirudisha. Video inanakiliwa, iko asilimia 12. Shangazi, nikimaliza nitampa kijana wa boda aipeleke stendi, uipokee asubuhi.