Kugeuza picha ya rangi kuwa nyeusi-nyeupe: njia ipi inafaa?

KijanaWaNgamiani:
Wakuu, habari zenu. Nimempiga bibi yangu picha barazani, kajifunga kanga nyekundu yenye jina la kijani. Nataka nyeusi-nyeupe ya kuweka kwenye fremu. Nimebonyeza Desaturate (amri ya kuondoa rangi) kwenye Photoshop, jina la kanga likapotea kabisa! Nyekundu na kijani zimekuwa kijivu kimoja. Je, nitumie vitelezi vya rangi (vile vya kuvuta kushoto au kulia), au siku nyingine niseti kamera yenyewe ipige nyeusi-nyeupe?

FundiMwanga:
Achana na Desaturate, mkuu. Kwa kila nukta ya picha, inachukua namba kubwa kabisa na ndogo kabisa kati ya nyekundu, kijani na bluu, inajumlisha, inagawa kwa 2. Ndiyo maana nyekundu kali, kijani kali, hata njano kali, zote zinaangukia kijivu kilekile. Macho yetu hayaoni hivyo. Hesabu ya zamani ya televisheni huipa kijani 59%, nyekundu 30%, bluu 11%. Kwenye GIMP, ambayo ni ya bure, chagua Luma, inayoipa kila rangi uzito wake, badala ya Lightness, ambayo ni hesabu ileile ya Desaturate, jina litaanza kuonekana.

MamaStudio:
Hesabu ni nzuri, lakini haijui kwamba huyo ni bibi. Mimi ni mtu wa vitelezi. Chombo cha Black & White kimo tangu Photoshop CS3 ya 2007, kina rangi sita, na kila moja unaamua iwe nyeupe au nyeusi kiasi gani. Kazi iko kwenye ngozi. Ngozi yetu imebeba nyekundu na njano: pandisha nyekundu, uso unang'aa ila mikunjo inafifia; ishushe, mikunjo yote inatoka, na ukizidisha uso unakuwa kama umepakwa masizi. Mwanangu, pandisha kijani jina litoke jeupe, shusha nyekundu kidogo kanga ikolee, halafu uso uuinue kwa njano. Mikunjo ya bibi usiifute, tafadhali.

Kivuli_Lamu:
Kuseti kamera nyeusi-nyeupe kunasaidia sana kujifunza kuona mwanga. Ila piga RAW, yaani faili ghafi la kamera. JPEG, faili la kawaida lililobanwa, ikiwa ya nyeusi-nyeupe imeshatupa rangi, hairudi tena. RAW inazitunza zote hata kama kioo cha nyuma kinakuonyesha kijivu. Tena RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila chaneli (nyekundu, kijani, bluu), JPEG ina 256. Ukisukuma vitelezi kwa nguvu kwenye JPEG, hasa bluu ya anga, utaona chengachenga.

SimuTu:
Tusio na kompyuta, programu ya simu ya Snapseed ina filta za rangi ndani ya Black & White. Ya kijani itakufaa hapo.

KijanaWaNgamiani:
Nimefuata ya MamaStudio, kijani juu, nyekundu chini kidogo, njano juu. Nimemwita bibi, kasogeza miwani, kasoma jina la kanga yake herufi kwa herufi kwenye skrini. Ahsanteni sana. Kesho napeleka kuchapisha, A4.