Mzazi analia: kombe au kliniki?

Bint Kisauni: Jamani, tuulizane bila kutupiana maneno. Wifi yangu kazaa, yuko ndani arubaini, wiki ya tatu. Halali, mtoto hamtazami, kutwa kulia. Bi mkubwa kasema ni pepo, kombe lishaandikwa: aya kwenye sahani, zioshwe, anywe maji yake. Kliniki, asema, mpaka arubaini itoke. Naona nyumba nyingi hapa Mombasa ni hivi hivi. Mwasemaje?

Mkunga mstaafu, Likoni: Anywe kombe, mwanangu, simkatazi. Lakini nimekanda wazazi wengi, nikawapikia uji wa pilipili manga, na wako ambao haukuwasaidia kitu.

Kaka wa Majengo: Mtaambiwa "homoni" sasa hivi. Homoni za uzazi ziko kwenye ovari na kondo. Kondo lishazikwa, ubongo wahusikaje?

Mwanafunzi wa uuguzi, Tudor: Hapo umeteleza, kaka. Mwaka 1981 mwanasayansi Étienne-Émile Baulieu na wenzake kule Ufaransa walikuta homoni ya DHEA salfeti ndani ya ubongo wa panya dume. Wakawatoa korodani na tezi za juu ya figo, na bado ikawemo! Ubongo unajitengenezea. Huchukua kolesteroli, hiyo hiyo tunayotishwa nayo, ikaingizwa kwenye mitokondria, vijitanuri vya nishati ndani ya seli, na kukatwa mkia, ikawa pregnenoloni. Halafu projesteroni, homoni inayotunza mimba, halafu alopregnanoloni. Hii ya mwisho ni breki: huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza seli za neva. Wakati wa mimba kondo humwaga projesteroni tele, na alopregnanoloni hupanda nayo. Kondo likitoka, yote huporomoka kwa siku chache. Ubongo wa wengi huzoea. Wa wengine huchelewa, na hapo sonona ya baada ya kuzaa yaweza kuingia.

Kwa sonona hiyo, Marekani iliidhinisha dripu ya alopregnanoloni yenyewe 2019, ya saa 60. Mwaka 2023 ikaja zuranoloni, vidonge vya siku 14.

Kaka wa Majengo: Dripu hiyo ilitoka kwa dola 34,000! Atauza nyumba?

Mwanafunzi wa uuguzi, Tudor: Sikusema aifuate hiyo. Dawa za kawaida za sonona zipo, na ushauri nasaha upo.

Mkunga mstaafu, Likoni: Na usingizi, msisahau. Mume yuko wapi? Nani ampokea mtoto usiku? Bint Kisauni, ametaja kujidhuru, au kumdhuru mtoto? Kama ametaja, msingoje asubuhi.

Bint Kisauni: Hajataja, namuuliza kila siku. Mume yuko melini. Bi mkubwa kakubali twende kesho, ila kombe kwanza.

Mkunga mstaafu, Likoni: Basi anywe, mtoke mapema. Foleni ya kliniki mwaijua.